Mshono Usiofunguka

Kipuri kilichoisimamisha mashine yangu ya kufulia kinaenea kwenye kiganja cha mkono. Ni beringi tu, ile pete ya chuma yenye gololi ndani yake, ambayo kila fundi wa baiskeli, pampu au pikipiki anaijua kwa saizi zake. Beringi huchakaa, na hilo halina wa kulaumiwa. Mpira wa kuzuia maji ulio mbele yake unalegea, maji ya sabuni yanapenya, grisi inaoshwa, gololi zinaota kutu, na siku moja mashine inapoanza kukamua nguo nyumba nzima inasikia.

Fundi aliifungua kwa subira. Alitoa mfuniko wa juu, mlango, lile zege linaloituliza mashine isitembee, mkanda, mota, springi, hadi akabaki na pipa la nje mikononi. Akaligeuza, akaligeuza tena, akalikalisha chini.

"Dada, hili halifunguki."

Pipa lenyewe ni la plastiki, la vipande viwili vilivyokutanishwa katikati. Kwenye mashine nyingi za zamani vipande hivyo vilikazwa kwa bolti ukingo mzima, na kati yake ukalazwa mpira usiopitisha maji. Ukitaka beringi, unafungua bolti. Kwenye pipa langu kingo zimeyeyushwa na kugandishwa pamoja kiwandani. Kuna mshono mwembamba, laini, unaong'aa kidogo kuliko plastiki iliyouzunguka, na hakuna bisibisi inayoweza kuingia pale. Beringi imebaki ndani. Mtengenezaji anauza pipa zima, pamoja na pipa la ndani la chuma na shafti yake, na ukijumlisha ufundi unajikuta umekaribia bei ya mashine mpya.

Fundi aliniomba ruhusa, akachukua msumeno wa chuma, akaukata ule mshono taratibu pande zote. Beringi za zamani zikagongwa zikatoka, mpya zikaingia pamoja na mpira mpya. Kisha akatoboa matundu kwenye ukingo, akapaka silikoni, akakaza bolti na nati kuzunguka pipa lote. Mashine inafanya kazi. Na sasa, baada ya kupita mikononi mwa mtu mmoja mwenye msumeno, inatengenezeka kwa urahisi kuliko siku ilipotoka kiwandani.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Malalamiko tuliyozoea ni kwamba vitu vya siku hizi havidumu, na tunayasema kana kwamba zamani kulikuwa na chuma kisichochakaa. Hakijawahi kuwapo. Kila kinachozunguka kinasagika, kila kinachopata joto kinachoka, kila mpira unakauka. Kifaa kizuri ni kile ambacho sehemu yake inayochakaa ni ya bei ndogo, inajulikana, na inatoka peke yake. Kifaa kibaya kimeifungia sehemu hiyo ndani ya sehemu ya bei kubwa. Kwa maoni yangu, badiliko kubwa lililotokea kwenye vyombo vya nyumbani ni hilo la kufungiwa, zaidi hata ya ubovu wa malighafi.

Kabla sijaendelea, niwatendee haki wale wanaokataa kwamba mambo yameharibika, kwa sababu hoja yao ina uzito. Ya kale ni dhahabu, tunasema, lakini ya kale tunayoiona ni ile iliyobaki. Friji ya babu inayofanya kazi mpaka leo tunaipiga picha. Zile zilizokufa mapema ziliyeyushwa zamani na hakuna anayezikumbuka. Nyingine ilikuwa heri zimekufa. Friji za miaka ya 1920 zilitumia gesi zenye sumu kama dioksidi ya salfa na kloridi ya methili, na zilipovuja ziliua watu. Albert Einstein na mwenzake Leo Szilárd walifanya kazi miaka kadhaa wakibuni friji isiyo na sehemu zinazozunguka wala mihuri ya kuchakaa, ili gesi isipate pa kutokea, na mwaka 1930 wakapewa hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani. Pasi nyingi za kale hazikuwa na waya wa athi, ule wa kukukinga usipigwe na umeme. Na umeme? Friji ya kawaida ya Marekani katikati ya miaka ya 1970 ilikula takriban kilowati-saa 1,800 kwa mwaka, wakati ya leo, tena kubwa zaidi, haifiki theluthi moja ya hapo. Anayetamani kila kitu kirudi kama zamani hajawahi kulipia umeme wa zamani.

Bei nazo zimeshuka. Mashine ya kufulia iliwahi kuwa kitu cha matajiri. Leo familia nyingi za kipato cha kawaida zinayo, na mikono ya wanawake wengi imepumzika kwa sababu hiyo. Sitaki kuudharau unafuu huo hata kidogo.

Ila takwimu nazo zipo. Mwaka 2015 taasisi ya Öko-Institut ilichapisha kazi iliyofanywa kwa ajili ya shirika la mazingira la serikali ya Ujerumani. Walitazama vyombo vikubwa vya nyumbani vilivyobadilishwa, na wakahesabu vingapi vilitupwa kwa ubovu kabla ya kutimiza miaka 5. Mwaka 2004 vilikuwa asilimia 3.5. Mwaka 2012 vikawa asilimia 8.3. Ni miaka minane tu, na kiwango kimezidi mara mbili. Kazi hiyohiyo ilionyesha pia kwamba karibu theluthi moja ya vilivyobadilishwa vilikuwa bado vinafanya kazi. Wenyewe walitaka kilicho bora zaidi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na wauzaji walilijua hilo mapema. Brooks Stevens, mbunifu wa bidhaa wa Marekani, alizunguka na hotuba miaka ya 1950 akifundisha hadharani kwamba kazi ya mbunifu ni kumtia mnunuzi hamu ya kitu kipya kidogo, mapema kidogo kuliko anavyokihitaji. Lakini hamu ya mtu ni mali yake. Mimi nazungumzia yule ambaye hakutaka kipya, aliyekuwa radhi na alichonacho, akalazimishwa na mshono.

Kisa cha balbu ndicho kinachotajwa sana mada hii inapozuka, na mara nyingi kinasimuliwa nusu. Mwishoni mwa 1924 makampuni makubwa ya taa, yakiwemo Osram ya Ujerumani, Philips ya Uholanzi, Compagnie des Lampes ya Ufaransa, na General Electric ya Marekani kupitia makampuni yake tanzu, yalikubaliana Geneva kugawana soko la dunia. Umoja wao uliitwa Phoebus. Miongoni mwa masharti yake ni kwamba balbu ya kawaida ya nyumbani iishi saa 1,000, wakati huo zikiwapo sokoni zilizofika 1,500 hadi 2,000. Viwanda vilipeleka sampuli kwenye maabara Uswisi, na kiwanda ambacho balbu zake ziliishi kupita kiasi kilitozwa faini. Wastani wa uhai wa balbu zilizopimwa ulishuka kutoka saa 1,800 mwaka 1926 hadi 1,205 mwaka wa hesabu 1933–34. Umoja huo ulivunjika Vita Kuu ya Pili ilipoanza.

Nusu ya pili ya kisa ni fizikia. Uzi wa balbu ukipashwa moto zaidi unatoa mwanga mwingi na mweupe kwa umeme uleule, lakini tungsteni yake inavukiza haraka na uzi unakatika mapema. Ukiupoza, unaishi miaka, huku ukitoa mwanga hafifu wa rangi ya chungwa na kula umeme kwa hasara. Ile balbu maarufu ya kituo cha zimamoto cha Livermore, California, inayowaka tangu 1901, ni ushahidi wa jambo hilo: inatoa mwanga wa wati kama nne tu, na haizimwi, kwa hiyo uzi wake haupati mshtuko wa kuwashwa na kuzimwa. Tume ya serikali ya Uingereza iliyochunguza biashara ya taa na kutoa ripoti mwaka 1951 ilikubali kwamba saa 1,000 ni wastani unaofaa kati ya uhai na mwanga. Sawa. Naukubali uhandisi huo. Ila uhandisi hauelezi faini. Kama saa 1,000 zingekuwa kwa faida ya mnunuzi, wangeziandika kwenye boksi pamoja na zile 2,000, wakamwachia achague kati ya mwanga mkali wa muda mfupi na mwanga mpole wa muda mrefu. Walichoficha ni chaguo lenyewe.

Na taa za LED zimerudia jambo lilelile bila kikao cha siri. Chipu ya LED ikitunzwa isipate joto inaweza kuwaka makumi ya maelfu ya saa, na namba hizo ndizo zinazoandikwa kwenye boksi. Kwa nini basi balbu inaanza kupepesa kabla ya muda wake? Chukua iliyokufa, ukiwa umeichomoa, ubandue kile kifuniko cheupe cha plastiki. Utaona kisahani cha alumini chenye chipu ndogo za manjano zilizopangwa duara. Zitazame moja moja kwenye mwanga. Mara nyingi kuna moja yenye kidoti cheusi katikati. Hiyo moja imeungua, na kwa kuwa zote zimeungwa kwa mfululizo kwenye waya mmoja, ikifa moja zinazimika zote. Au chipu zote ni nzima, na kilichokufa ni kapasita, kile kidude cha kuhifadhi chaji ya umeme, kwenye saketi iliyobanwa shingoni mwa balbu. Kapasita za aina hiyo zina maji maalumu ndani yake, na kanuni inayojulikana na kila mhandisi ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi, uhai wake unapungua takriban nusu. Wewe umeifunga kwenye shingo isiyopitisha hewa, juu yake kuna chipu zinazochemka. Unategemea nini?

Chipu zinachemka kwa sababu zimewekwa chache na kusukumiwa umeme mwingi. Ukiweka nyingi na kuzipa umeme kidogo kila moja, zinabaki na ubaridi, zinaishi sana, tena zinakula umeme mchache. Hili si ndoto. Mwaka 2016 Philips ilitoa balbu iliyotengenezwa pamoja na manispaa ya Dubai kwa ajili ya mji huo, yenye nyuzi nyingi za LED zinazosukumwa polepole, ikitoa lumeni 200, kipimo cha wingi wa mwanga, kwa kila wati moja, takriban maradufu ya balbu za kawaida za wakati ule. Ujuzi upo. Kilichokosekana kwingine ni mtu wa kuudai, mwenye nguvu za kudai kama manispaa ya jiji zima.

Mnunuzi mmoja mmoja hawezi kuudai kwa sababu hauoni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini methali hiyo ilitungwa kwa vitu ambavyo macho na mikono vinaweza kuvipima. Simama mbele ya blenda mbili rafuni. Unaona rangi. Unaona idadi ya vitufe. Unaona wati, zimeandikwa kubwa, na yenye wati nyingi inaonekana shujaa. Huoni kwamba moja imesukwa mota kwa waya wa shaba na nyingine kwa alumini iliyopakwa shaba juu. Huoni kama shafti imekalia beringi au bushi kavu. Huoni gia. Yule aliyeweka shaba na beringi ametumia gharama ambayo wewe, ukiwa umesimama pale, huna njia ya kuijua, kwa hiyo huna sababu ya kuilipia.

George Akerlof, mchumi wa Marekani, aliieleza hali hii mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika, na baadaye, mwaka 2001, alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya aina hiyo. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na kimeo atatoa bei ya katikati, mwenye gari zima anaona anapunjwa, anaondoka sokoni, vinabaki vimeo. Soma hivyo tena ukifikiria viwanda badala ya magari. Mtengenezaji mwaminifu haondolewi na hila ya mtu. Anaondolewa na rafu.

Nataka nikae kidogo kwenye zana za mkono, kwa sababu hazina umeme wala programu wala kisingizio cha teknolojia, na bado zimeoza. Chukua mkasi. Mkasi ni visu viwili na kiungo kimoja, na kila kitu kinategemea kile kiungo. Visu vya mkasi mzuri vimepinda kidogo sana kwa ndani, kiasi kwamba ukiufumba mkasi na kuushika mbele ya dirisha unaona mwanga mwembamba katikati, huku ncha zikigusana. Upindo huo ndio unaofanya makali yakutane mahali pamoja tu kila wakati, pakitembea kutoka kwenye kiungo hadi nchani, na ndio unaokata. Kiungo kikilegea hata kidogo, makali yanapishana na kitambaa kinakunjwa badala ya kukatwa. Sasa, kama kiungo ni skrubu, unakikaza kwa robo ya mzunguko na mkasi unarudi. Ukitaka kunoa, unafungua skrubu, kila kisu kinanolewa peke yake kwa pembe yake, unavirudisha. Kama kiungo ni ribiti iliyopigwa na kufunikwa na kitufe cha plastiki chenye sura ya skrubu, mkasi huo umeshahesabiwa siku zake. Sura ya skrubu juu ya ribiti! Hicho ndicho kitu kimoja kwenye makala hii nzima ninachokiita uongo bila kusita.

Nyundo je? Kichwa cha chuma cha kufua kinaweza kumzika mwenye nyundo na mwanawe. Mpini ndio unaovunjika, na mpini wa mti unachongwa upya, unapitishwa kwenye tundu, unapigiliwa kabari. Nyundo ya kichwa cha kumimina, chenye uso unaomeguka vipande, ni hatari kwa macho, achilia mbali kudumu. Bisibisi za chuma laini zinajipinda ncha na kuharibu kichwa cha skrubu, kwa hiyo zana mbovu inaua na kile ilichokuja kukitengeneza. Masufuria yenye mishikio ya kuchomelewa kwa nukta mbili badala ya ribiti, hayo kila mtu anayajua, sina la kuongeza.

Wakati mwingine kuvunjika kwenyewe ni ubora. Blenda nyingi zina kijigurudumu cha raba kati ya mota na visu. Visu vikikwama, raba inakatika meno na mota inapona. Mashine nzuri za kukandia huwa na gia moja laini iliyowekwa makusudi isagike kabla ya nyingine. Mhandisi aliyeamua hivyo alimfikiria mwenye kifaa: alijua siku mbaya itakuja, akachagua mapema kitakachovunjika, akakiweka mahali panapofikika. Namheshimu mhandisi huyo hata bila kumjua. Uzuri wa kazi yake unafutika pale kampuni inapokataa kukiuza kile kijigurudumu peke yake.

Fyuzi ya joto ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko vyote, maana hapa hasira ya kufungiwa vitu inaweza kuchoma nyumba. Ndani ya mota ya feni, ndani ya pasi, kwenye jagi la umeme, kuna kidude kidogo kinachokata umeme moto unapopita kiwango. Kikikata hakirudi. Ni ulinzi wa lazima. Lakini kwenye feni nyingi kimelazwa katikati ya koili, chini ya tepu na vanishi, na mwenye feni anaambiwa mota imekufa. Fundi anayejua anachana tepu kwa uangalifu, anapima kwa mita, anatoa kilichokatika na kuweka kingine chenye nyuzijoto zilezile, kisha anatafuta kwa nini mota ilipata moto: bushi imekauka mafuta, au kapasita imechoka na mota inajikokota. Fundi mwenye haraka anaunga waya moja kwa moja na feni inazunguka. Tafadhali, usikubali. Feni isiyo na fyuzi hiyo, siku bushi yake ikikwama usiku, hakuna kitu kitakachokata umeme. Kiwanda kingeweka kidude hicho kwenye kikasha chenye skrubu mbili, nje ya koili, wala asingepatikana wa kushawishika kukiruka.

Na mafundi wenyewe wanapungua ujuzi kwa sababu hiyohiyo. Ufundi unarithiwa kwa kufungua. Kijana anakaa na mkubwa wake, anaona mota zimesambaratishwa, anapewa ya kufunga. Kifaa kilichogandishwa hakifundishi chochote; kinafundisha kubadilisha bodi nzima, na bodi nzima ikikosekana kinafundisha kusema haiwezekani. Fundi niliyemtaja hapo juu ana vijana wawili, na jambo analowasisitizia ni kukusanya skrubu kwa mpangilio wa zilivyotoka. Alinieleza kwamba kuna siku wanafungua kifaa na hawapati skrubu hata moja, ni vibanio vya plastiki tu, na kibanio kikivunjwa mara ya kwanza kifaa hakikai tena vizuri hata kikipona.

Vyenye intaneti nitavipita haraka. Kifaa kinachohitaji programu ya simu ili kiwake kina uhai wa aina mbili, wa chuma na wa programu, na ule mfupi ndio unaoamua. Sioni sababu ya jagi la kuchemshia maji kuwa na programu.

Sheria zimeanza kusogea, na zilizonivutia ni zile zinazofanya kisichoonekana kionekane. Ufaransa mwaka 2015 ilifanya kufupisha kwa makusudi maisha ya bidhaa kuwa kosa la jinai, hadi miaka miwili jela na faini ya euro 300,000. Inasisimua kusoma, lakini kuthibitisha makusudi ni kazi ngumu mno. Kila mshono una sababu yake nzuri ya kiwandani. Kuyeyusha ukingo wa plastiki ni haraka kuliko kukaza bolti nyingi, na hauvuji. Hutaona nia mbaya kwenye karatasi yoyote. Chenye nguvu zaidi, naona mimi, ni kile walichokianza Januari 2021: alama ya utengenezekaji, kati ya 0 na 10, iliyowekwa kando ya bei kwenye mashine za kufulia, televisheni, simu na vinginevyo, kabla ya mwaka 2025 alama nyingine kuanza kuchukua nafasi yake kwa baadhi ya vifaa hivyo. Inahesabiwa kwa mambo ya kushikika: kama kuna maelezo ya ufundi, kama kifaa kinafunguka kwa zana za kawaida, kama vipuri vinapatikana, na bei ya kipuri ukilinganisha na bei ya kifaa kizima. Hiyo ndiyo dawa ya ugonjwa wa Akerlof. Mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu anapewa macho.

Umoja wa Ulaya nao, kuanzia Machi 2021, unawataka watengenezaji wa mashine za kufulia wawe na vipuri kwa angalau miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuuzwa, na wavifikishe ndani ya siku 15 za kazi. Nilisoma orodha ya vipuri vyenyewe kwa matumaini. Beringi zimo. Zimeandikwa pamoja na pipa la ndani na kile kiungo kinacholishika, halafu yakafuata maneno yanayoruhusu viuzwe kila kimoja peke yake au vyote kwa pamoja. Kwa maneno hayo machache, mshono umehalalishwa. Mtengenezaji anayeuza pipa zima lililogandishwa ametimiza sheria. Mwaka 2024 ikaja sheria nyingine ya Umoja huo kuhusu haki ya kutengeneza, inayozibana kampuni zaidi, zikiwemo zile zinazozuia matengenezo kwa mbinu za kiufundi au za kiprogramu. Natamani wanaotunga sheria, popote walipo, waandike sentensi moja fupi: sehemu inayojulikana kuchakaa lazima itoke peke yake.

Taka zinaeleza kwa nini naitaka sentensi hiyo haraka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa. Ndani ya tani hizo kuna mapipa mangapi mazima yaliyotupwa kwa ajili ya beringi?

Mpaka sheria hizo zitufikie sote, mimi nanunua hivi. Kifaa nakigeuza kichwa chini hapohapo dukani, na muuzaji akishangaa namwacha ashangae. Natafuta skrubu. Zikiwapo na ni za kawaida, ni dalili njema. Zikiwa za vichwa vya ajabu visivyo na bisibisi yake, mtu alitaka nisiingie. Natazama waya wa umeme unapoingia, kama umeshikwa na kibanio kinachofunguka, kwa kuwa waya hukatikia pale. Nazungusha kitufe cha mzunguko na kukipa heshima kuliko kioo cha kugusa. Wati sizitazami. Namuuliza fundi kabla ya kumuuliza muuzaji, na simuulizi ni aina gani haiharibiki. Namuuliza ni aina gani anayoitengeneza na spea zake anazipata wapi. Mashine inayojaa kwenye karakana yake si lazima iwe mbovu. Mara nyingi ni ile inayokubali kutengenezwa, na watu wanaona faida ya kuileta.

Naangalia pia muda wa dhamana na kile isichokihusu, maana dhamana ya miaka 10 iliyoandikwa kwa herufi kubwa huenda ni ya mota peke yake, wakati mota si ndiyo inayokufa. Risiti naipiga picha siku hiyohiyo, kwa sababu karatasi zile za kuchapwa kwa joto hufutika zenyewe kabla dhamana haijaisha. Na kabla mashine haijasukumwa ukutani napiga picha ya kile kibandiko cha nyuma chenye namba ya modeli na ya toleo, zote mbili. Ndani ya jina moja la biashara huwa kuna matoleo kadhaa yenye vipuri tofauti, na fundi akikosa namba hiyo ananunua kwa kukisia.